Umeongeza RAM kwenye seva ya Linux, swopu bado inatumika: dalili, sababu na la kufanya

Malalamiko haya huwafikia mafundi wa Tabora na Kigoma karibu kwa maneno yale yale. Ofisi imenunua RAM, imepakiwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa, seva imewaka vizuri. Wiki moja baadaye mtu anaandika `free -h`, anaona swopu imetumika zaidi ya GB 1, na swali la kwanza la aliyetoa pesa ni: tumelipia nini? Makosa huanzia hapo. Mmoja anazima swopu yote, mwingine anaifungua seva upya akidhani kipande hakikukaa sawasawa, mwingine anaagiza RAM nyingine.

Swopu ni eneo la diski, liwe patisheni au faili, ambako keneli (kiini cha Linux) hupeleka kurasa (vipande vidogo) za RAM ambazo programu hazijazigusa kwa muda. Ifikirie kama stoo ya nyuma ya duka. Bidhaa isiyoulizwa husogezwa huko ili rafu ya mbele ibaki na kinachotoka kila siku. Ukipanua rafu, hakuna anayekimbilia stoo kurudisha kila kitu. Bidhaa hurudi siku mteja akiiuliza. Keneli hufanya vivyo hivyo. Ukurasa ukishakwenda swopu hubaki huko mpaka programu iuhitaji, na hata ukisharudi kwenye RAM, nakala yake huweza kuachwa diskini ili isiandikwe upya kesho. Kwa hiyo namba ya swopu iliyotumika haishuki yenyewe, na peke yake haikuambii kama seva inaumwa.

Kinachoiumiza seva ni mwendo: kurasa zinazokwenda na kurudi kila sekunde huku watumiaji wakisubiri. Mwendo huo hupimwa kwa amri nyingine kabisa.

Vipimo vya kuanzia, kabla ya kugusa chochote

```
free -h
swapon --show
vmstat 1 10
```

Ya kwanza inaonyesha kiasi. Ya pili inaonyesha swopu iko wapi, ina ukubwa gani na kipaumbele gani. Ya tatu ndiyo ya maana zaidi: angalia safu za `si` (kinachorudi kutoka swopu) na `so` (kinachokwenda swopu), zote kwa kilobaiti kwa sekunde. Mstari wa kwanza wa `vmstat` ni wastani tangu seva ilipowashwa, kwa hiyo uache. Soma kuanzia wa pili. Fanya kipimo hiki saa za kazi nyingi. Kwenye seva ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kipimo cha Jumapili mchana hakina maana. Pima wakati wa msimu wa masoko, makarani wote wakiwa wanaingiza uzito wa marobota.

Keneli kuanzia toleo 4.20 ina kipimo kingine kizuri, ikiwa kimewashwa kwenye toleo lako: `cat /proc/pressure/memory`. Thamani ya `avg10` ikiwa 0.00 au karibu na hapo, hakuna programu inayosubiri RAM.

## Dalili ya 1: RAM ni nyingi, swopu imetumika, lakini seva iko haraka

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Itazame kwa karibu, kwenye seva iliyotoka GB 8 kwenda GB 32:

```
        total    used    free   shared  buff/cache  available
Mem:     31Gi   9.1Gi   612Mi    410Mi        21Gi       21Gi
Swap:   8.0Gi   1.2Gi   6.8Gi
```

Jicho la wengi hukimbilia `free`, linaona MB 612, na mtu anapiga kelele kwamba RAM mpya imeshaisha. Safu ya kusoma ni ya mwisho, `available`. GB 21 zinapatikana muda wowote programu ikizitaka. Kwa sasa keneli imezijaza kache ya mafaili (nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni) kwa sababu RAM iliyokaa tupu haimsaidii mtu. Na 31 badala ya 32 isikutie wasiwasi: sehemu ndogo huchukuliwa na mfumo wenyewe mapema wakati wa kuwaka.

Sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

*Bakapu ya usiku.* Seva halisi huzimwa ili kufungwa RAM, na ikizimwa swopu huanza upya ikiwa tupu. Hivyo GB 1.2 unayoiona iliingia baada ya kuongeza RAM, na hili huwashangaza hata mafundi wazoefu. Kinachotokea ni kwamba saa nane usiku bakapu inasoma mafaili makubwa, kache inavimba mpaka RAM inajaa, na keneli inapima: huduma ya kuchapisha ambayo haijaguswa siku nne, au faili linalosomwa sasa hivi? Inaisogeza ile ya kwanza. Uamuzi huo ni sahihi mara nyingi. La kufanya: hakuna. Asubuhi `si` na `so` zikiwa 0, funga dirisha uendelee na kazi nyingine.

*Seva pepe (mashine ya kiprogramu ndani ya seva halisi) iliyoongezewa RAM bila kuzimwa.* Hapa kweli kurasa za zamani bado ziko swopu tangu siku za dhiki. Zitarudi kidogo kidogo. Ukitaka kuzirudisha kwa nguvu, soma Dalili ya 6 kwanza.

*Kikomo kwenye huduma moja.* Huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye `MemoryHigh` au `MemoryMax`, au kontena la Docker (programu iliyotengwa na nyingine) lenye kikomo cha RAM, husukumwa swopu likifika kikomo chake hata kama seva nzima ina nafasi ya kutosha. Docker ikipewa `--memory` bila kutajiwa swopu, kontena huruhusiwa kutumia swopu ya kiasi kile kile juu yake. Kikomo hicho kiliwekwa enzi za GB 8 na hakuna aliyekumbuka kukibadilisha.

Kujua nani hasa yuko swopu:

```
grep VmSwap /proc/[0-9]*/status | sort -k2 -nr | head
```

Namba iliyo ndani ya njia ya faili ni ya mchakato. Jina lake utalipata kwa `ps -p NAMBA -o comm`. Ukikuta juu kabisa kuna huduma zisizofanya kazi mchana kutwa, umepata jibu la kumpelekea aliyeuliza.

Kama jambo hili bado linakukera, punguza hamu ya keneli kutumia swopu. Thamani ya kawaida ni 60. Kwa seva ya hifadhidata, 10 ni chaguo la busara:

```
sysctl vm.swappiness=10
echo 'vm.swappiness=10' > /etc/sysctl.d/90-swopu.conf
```

Usiweke 0 ukidhani unazima swopu. Tangu keneli 3.5, sifuri inaiambia keneli isiguse swopu mpaka iwe imebanwa kabisa, na ikifika hapo mara nyingi imechelewa: inaanza kuua michakato.

## Dalili ya 2: RAM mpya haionekani, au imeonekana nusu

Tofautisha kwanza kile bodi kuu inachokiona na kile Linux inachokitumia:

```
dmidecode -t 17
free -h
```

`dmidecode` itataja kila sloti, ukubwa wa kipande kilichomo na kasi yake. Sloti ikisema haina kitu wakati wewe umeweka kipande, tatizo ni la mikono. Ikionyesha vipande vyote lakini `free` inatoa kiasi kidogo, tatizo ni la mipangilio.

Upande wa mikono, sababu ya kwanza ni kipande kisichoingia hadi mwisho. Klipu za pande zote mbili lazima zijifunge zenyewe kwa mlio. Ukizisukuma kwa kidole ndipo zifunge, kipande hakijakaa. Ya pili ni vumbi ndani ya sloti, jambo la kawaida mno kwa seva inayokaa karibu na dirisha mjini Tabora. Toa kipande, puliza sloti kwa hewa ya kopo (usitumie mdomo, una unyevu), futa meno ya shaba kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa. Kigoma, kwenye vyumba visivyo na kiyoyozi karibu na ziwa, angalia pia ukungu wa kijani au weupe kwenye meno hayo.

Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Tabora ni kavu sana na umeme tuli hujikusanya mwilini bila wewe kuhisi. Cheche usiyoisikia inatosha kuharibu kipande kilichosafiri zaidi ya kilomita 800. Chomoa nyaya zote za umeme (seva nyingi zina vyanzo viwili, chomoa vyote), bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, vaa mkanda wa mkononi uliofungwa kwenye fremu ya seva. Usivue kipande kwenye mfuko wake wa kinga mpaka sloti iwe wazi mbele yako.

Kisha kuna kutopatana. Vipande vyenye rejista (RDIMM) na visivyo na rejista (UDIMM) havichanganyiki. Seva itagoma kuwaka au itapiga mlio. Seva yenye nafasi mbili za prosesa lakini prosesa moja tu haitaona RAM iliyowekwa upande wa prosesa isiyokuwepo, hata sloti zikiwa nzuri. Kasi zikitofautiana, vyote vitashuka hadi ya kile cha polepole, na hilo ni sawa.

Upande wa mipangilio, kinachosahaulika sana ni hali ya kioo ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi kuu), ambapo seva huandika kila kitu mara mbili kwa usalama. Ikiwashwa, GB 32 zinakuwa 16 kwa Linux, na hakuna kilichoharibika. Angalia pia kama mtu aliwahi kuweka kikomo kwenye amri ya kuwasha:

```
cat /proc/cmdline
```

Ukiona `mem=8G` au mfano wake, kiondoe kwenye `/etc/default/grub`, jenga upya mipangilio ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), uwashe upya. Mwisho kabisa, kwenye seva pepe: kuongeza RAM kwenye mashine mwenyeji hakuigawi kwa mashine pepe, lazima uigawe wewe.

Na ushauri kwa ambaye bado hajaagiza: endesha `dmidecode -t 16` na `-t 17` kabla ya kutuma pesa, uandike idadi ya sloti, aina, kasi na namba ya kipande kilichopo. Kurudisha RAM isiyopatana Dar es Salaam kunagharimu nauli na siku nyingi ambazo seva inakaa bila msaada.

Acha, ita mtaalamu: ukiona alama ya kuungua, harufu, klipu au sloti iliyovunjika, au kama seva bado ina dhamana yenye stika ya kufungulia. Vivyo hivyo `dmesg` ikiwa na maneno `Hardware Error` au `Uncorrected` baada ya kuongeza RAM. Hayo ni makosa ya kipande chenyewe au ya bodi. Kila saa unayoendelea nayo inaweza kuandika data mbovu kwenye hifadhidata. Zima, rudisha vipande vya zamani, kisha vipya vipimwe peke yake kwa memtest86+ angalau mzunguko mmoja kamili, vizuri zaidi usiku mzima.

## Dalili ya 3: RAM imeongezwa, seva bado inakokota, `si` na `so` zinakimbia

Huu sasa ni ugonjwa. Unaonekana hivi (safu nyingine zimepunguzwa):

```
 r  b     swpd    free     si     so   wa
 2  7  6214400  241300   9820  14210   58
 1  9  6216100  238900  11040  12760   61
 3  8  6222500  240100   8930  15320   57
```

Kurasa zinakwenda na kurudi kwa megabaiti kila sekunde, `b` inaonyesha michakato saba hadi tisa imekwama ikisubiri diski, na zaidi ya nusu ya muda wa prosesa ni kusubiri (`wa`). Ukifungua `top` utakuta `kswapd0` iko juu. Mtumiaji wa kaunta anabonyeza kitufe cha kuhifadhi kisha anaenda kunywa chai.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni furaha ya RAM mpya. Mtu amepata GB 32 na siku hiyo hiyo amepandisha kila mpangilio: hifadhidata ya MySQL kapewa `innodb_buffer_pool_size` (RAM yake ya kufanyia kazi) ya GB 24, Java kapewa `-Xmx12g` (hadi GB 12), na zote ziko kwenye seva moja. Jumla ni 36 kabla ya mfumo wenyewe kula chochote. Chukua karatasi, jumlisha. Kwenye seva inayobeba hifadhidata pamoja na programu nyingine, anza na nusu ya RAM au pungufu kwa MySQL. Kwa PostgreSQL, `shared_buffers` ya robo ya RAM ndiyo kianzio kinachopendekezwa.

PostgreSQL ina mtego wake unaostahili kutazamwa: `work_mem`. Haigawiwi mara moja kwa seva nzima. Kila upangaji ndani ya kila swali la kila muunganisho unaweza kuichukua. Weka MB 64, ruhusu miunganisho 100, na una GB 6.4 zinazoweza kutoweka kwa dakika moja, au mara mbili ya hapo maswali yakiwa mazito. Mwisho wa mwezi, ripoti zote zikiitwa pamoja, ndipo seva inapolala. Siku za kawaida mtego huu hauonekani, na ndiyo maana fundi anaweza kuutafuta wiki nzima asiuone. Irudishe MB 4 hadi 16 kwa wote, na ipandishe kwa mtumiaji wa ripoti peke yake:

```
ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '64MB';
```

Sababu ya pili ni programu inayovuja. RAM zaidi haizibi uvujaji; inauchelewesha tu. Rekodi matumizi kila saa kwa siku mbili:

```
ps -eo pid,comm,rss --sort=-rss | head
```

Mchakato unaopanda usiku na mchana bila kushuka hata watu wakiwa wamelala ndio unaovuja. Kwa muda, panga uwashwe upya usiku. Kwa kudumu, sasisha programu au mrudishie aliyeiandika pamoja na hizo namba.

Ya tatu ni mafaili yanayokaa RAM. `/dev/shm` huruhusiwa kufika nusu ya RAM, na nusu hiyo hukua yenyewe ukiongeza RAM. Kwenye baadhi ya mifumo `/tmp` nayo iko hivyo. Programu inayotupa mafaili ya muda huko bila kufuta itakula nafasi ambayo huioni kwenye mchakato wowote. `df -h -t tmpfs` itakuonyesha, na safu ya `shared` kwenye `free` itakuwa kubwa isivyo kawaida.

Ya nne, kurasa kubwa zilizotengwa mapema. `grep Huge /proc/meminfo`: ukiona `HugePages_Total` ni 8192 na `HugePages_Free` karibu na hiyo hiyo, GB 16 zimefungiwa (kila moja ni MB 2) na hakuna anayezitumia. Kurasa hizo haziendi swopu, kwa hiyo wengine wote wanasukumwa kwa niaba yake. Shusha `vm.nr_hugepages`.

Nadra zaidi, ila inahusu moja kwa moja uongezaji wa RAM: seva ya prosesa mbili ambayo vipande vyote vipya vimewekwa upande mmoja. Endesha `numactl --hardware`. Upande mmoja ukiwa na GB 24 na mwingine 8, hifadhidata inayokaa upande mdogo inaweza kusukumwa swopu huku upande wa pili una nafasi. Tiba ni kugawa vipande sawa pande zote mbili kama kitabu cha seva kinavyoonyesha; kwa MySQL, `innodb_numa_interleave=ON` husaidia wakati unasubiri nafasi ya kuizima seva.

Acha, ita mtaalamu: kama hifadhidata ni ya fedha za wanachama au rekodi za wagonjwa na huna bakapu ya leo uliyoijaribu kuirejesha. Kubadilisha baadhi ya mipangilio ya hifadhidata kunahitaji kuizima na kuiwasha, na hifadhidata iliyobanwa na swopu inaweza kuchukua muda mrefu kuzimika. Ukiiua kwa haraka ili iishe, unajitafutia matengenezo mazito.

## Dalili ya 4: Mchakato unauawa ghafla, "mbona RAM ipo?"

```
journalctl -k | grep -i 'killed process'
```

Soma mstari wote. Ukitaja kikundi cha kumbukumbu (`memory cgroup`), ni kikomo cha huduma au kontena kama ilivyoelezwa kwenye Dalili ya 1, kipandishe. Usipotaja, seva nzima iliishiwa, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alizima swopu siku RAM ilipoongezwa.

Hapa msimamo wetu ni thabiti: usiondoe swopu yote kwenye seva kwa sababu RAM sasa ni kubwa. Bila swopu, keneli haina pa kuziweka kurasa zisizoguswa, kwa hiyo inapobanwa inatupa kache ya mafaili, pamoja na msimbo wa programu zinazoendelea, na kuusoma upya kutoka diski tena na tena. Seva inaganda bila swopu hata kilobaiti moja kutumika. Kisha inafuata hatua ya kuua, na anayeuawa kwa kawaida ni mkubwa kuliko wote, yaani hifadhidata yenyewe.

Kama programu inalalamika `Cannot allocate memory` bila chochote kuuawa, angalia `sysctl vm.overcommit_memory`. Ikiwa 2, kikomo cha ahadi ni swopu yote kujumlisha asilimia 50 ya RAM (isipokuwa mtu amebadilisha asilimia hiyo). Seva ya GB 32 iliyoondolewa swopu ya GB 8 inashuka kutoka takriban 24 hadi 16. Yaani kuondoa swopu kumekula faida kubwa ya RAM mpya.

## Dalili ya 5: Baada ya kubadilisha swopu, seva inachelewa kuwaka dakika moja na nusu

Karibu kila mara ni UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) ya zamani. Ukiendesha `mkswap` upya, patisheni hupata UUID mpya, lakini `/etc/fstab` (orodha ya diski na swopu za kufunguliwa seva ikiwaka) bado inataja ile ya zamani. systemd husubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90, kisha inaendelea bila swopu.

```
blkid | grep swap
grep swap /etc/fstab
```

Zilinganishe herufi kwa herufi, sahihisha, kisha `systemctl daemon-reload` na `swapon -a`. Kwenye Debian na Ubuntu kuna faili la pili ambalo wengi hawalijui, `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Likitaja UUID iliyokufa, seva husubiri mapema zaidi, kabla hata ya kufungua mfumo wa mafaili. Lisahihishe au weka `RESUME=none`, halafu `update-initramfs -u`.

Kosa hili ni baya kwetu kwa sababu linajificha. Swopu mpya inafanya kazi leo kwa sababu umeiwasha kwa mkono. `Fstab` haiguswi mpaka seva iwake upya. Na seva zetu nyingi huwaka upya umeme unapokatika usiku na UPS kuishiwa, hakuna mtu chumbani. Kwa hiyo baada ya kila badiliko endesha `findmnt --verify`, weka `nofail` kwenye mstari wa swopu (ili ikikosekana seva isiisubiri), na uiwashe seva upya mwenyewe siku hiyo hiyo ukiwa umekaa mbele yake.

## Dalili ya 6: `swapoff` inachukua saa nzima au inagoma

`swapoff` inarudisha kila ukurasa kwenye RAM, na kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo ni ya polepole kwa sababu kurasa zimetawanyika. Haijaganda, angalia `free` kwenye dirisha la pili utaona namba inashuka. Ukihitaji kuikatiza, Ctrl+C inatosha na swopu inabaki kama ilivyo.

Sharti moja kabla ya kuianza: `available` iwe kubwa kuliko swopu iliyotumika, na ibaki angalau GB 2 za ziada. Isipotosha, amri itagoma, au mbaya zaidi, itaibana seva mpaka michakato iuawe. Ifanye nje ya saa za kazi:

```
swapoff -a && swapon -a
```

Acha, ita mtaalamu: kwenye `dmesg` kukiwa na `Read-error on swap-device`. Diski inakufa, na huenda data iko kwenye diski hiyo hiyo. Chukua bakapu kwanza, mengine baadaye. Pia usijaribu kupunguza patisheni ya swopu iliyo ndani ya LVM (mfumo wa kugawa diski) au iliyosimbwa ili kuipa nafasi mizizi ya mfumo kama hujawahi kufanya kazi hiyo kwenye mashine ya majaribio.

## Basi swopu iwe kubwa kiasi gani?

Kanuni ya "mara mbili ya RAM" ni ya enzi za RAM ndogo. Mwongozo wa Red Hat wa sasa ni huu: RAM hadi GB 2, swopu mara mbili yake, kuanzia 2 hadi 8, swopu sawa na RAM, zaidi ya 8 hadi 64, angalau GB 4, na juu ya hapo kutegemea kazi lakini isipungue 4. Kwa hiyo aliyetoka 8 kwenda 32 akiwa na swopu ya 8 hana haja ya kuongeza wala kupunguza. Kulaza kompyuta na kuhifadhi RAM nzima diskini kunadai swopu kubwa zaidi, lakini seva hazilazwi hivyo.

Kama seva haina swopu kabisa, faili la GB 4 linatosha kuanzia:

```
dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096 status=progress
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw,nofail 0 0' >> /etc/fstab
```

Tumia `dd` badala ya `fallocate`: kwenye baadhi ya mifumo ya mafaili, XFS ya zamani ikiwemo, faili la `fallocate` hukataliwa kwa maelezo kwamba lina mashimo. Kwenye Btrfs utaratibu huu haufai kama ulivyo. Faili lazima lizimiwe nakala-wakati-wa-kuandika kabla ya kujazwa. `chmod 600` si pambo: kurasa za swopu zinaweza kubeba pasiwadi na taarifa za wateja, na faili linalosomeka na kila mtumiaji wa seva ni dirisha lililoachwa wazi. Uwe makini na mshale kwenye mstari wa mwisho. Ni miwili, `>>`. Ukiandika mmoja umefuta `fstab` yote, na seva haitawaka ipasavyo mara nyingine umeme ukirudi; ichukulie nakala kwanza kwa `cp /etc/fstab /root/fstab.zamani`.